Ua la Tatu, Mstari wa Saba

Mwalimu hakuwahi kugusa kompyuta bila kunawa mikono kwanza. Birika la plastiki lilikaa mlangoni, beseni chini yake, na kila aliyeingia alinawa, awe ametoka sokoni au kanisani. Vumbi jekundu la mtaa wetu wa Katuba halina adabu, alisema, linaingia hata pale ambapo hewa imekataa kuingia. Tulicheka, kwa sababu kompyuta zenyewe, nne kwa jumla, zilikuwa zimepita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika kwake, na moja ilikosa herufi tatu kwenye kibodi. Lakini tulinawa. Hadi leo, ofisini mjini, nanawa mikono kabla ya kufungua mashine, na wenzangu wanadhani nimetoka kula.

Naanza na hilo la mikono kwa sababu ni zuri, na mtu mwenye hasira asipoanza na zuri hatalifikia kamwe. Mimi nina hasira na Mwalimu. Nimekuwa nayo kwa miaka mitano sasa, tangu harusi moja ya mtaa wa Bel-Air ambayo nitaieleza. Na karibu kila ninachokijua kuhusu kazi yangu ya kuandika programu, yeye ndiye aliyekiweka kichwani mwangu. Mambo haya mawili yanaishi nyumba moja ndani yangu, na hayasalimiani.

Alikuwa mtu mfupi, wa koti moja la kijivu na kalamu tatu mfukoni, mbili zikiwa hazina wino. Katuba nzima ilimwita Mwalimu, hata mama muuza makaa, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha chochote. Asubuhi alifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Alasiri aliondoa viti vya sebuleni kwake, mke wake akinung'unika, akaweka meza mbili ndefu, na sebule ikawa darasa la kompyuta. Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipoingia mle, na nilitoka nikiwa na kumi na tisa.

Umeme ulikuwa ukikatika karibu kila siku, na kurudi wakati sisi tumelala. Mwalimu mwingine angefunga darasa. Yeye alitupa penseli. Tuliandika programu kwenye daftari za mraba, mstari kwa mstari, kisha tukazitembeza kwa kidole: kidole kikiwa juu ya mstari, unasema kwa sauti nini kinatokea, unaandika pembeni namba imekuwa ngapi, unashuka. Kidole kikikwama, kosa limejulikana. Siku umeme ukirudi mapema, ukakimbilia mashine, alikuzuia kwa mkono.

"Kidole kwanza," alisema. "Clavier itakungoya." Yaani kibodi itangoja.

Wakati ule niliona ni umaskini tu, ambao Mwalimu ameuvisha koti la hekima. Sasa nimefanya kazi na vijana waliosoma mbali, waliokulia mbele ya mashine zisizozimika, na nimewaona wakibonyeza, wakibahatisha, wakibonyeza tena, kama mtu anayetafuta swichi ukutani gizani. Mimi naweka kidole. Wananitania, wananiita mama wa kidole. Lakini jambo likiwashinda wanakuja mezani kwangu.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la mzunguko usio na mwisho. Nilikuwa nimeandika programu ya kuzunguka meza mara tano, na nikasahau kuandika mahali pa kuongeza hesabu. Mwalimu aliisoma hadi mwisho. Akachukua kikombe chake cha chai.

"Bon. Miye njo ordinateur," alisema: yeye ndiye kompyuta. "Ninafanya ile uliandika."

Akaanza kuzunguka meza. Mara tano zikapita. Mara kumi. Darasa lilicheka, kisha likachoka kucheka. Mvua ikaanza kugonga mabati, saa ya kwenda nyumbani ikafika, wenzangu wakaanza kukusanya daftari, na yeye bado anazunguka na kile kikombe, uso mkavu, bila kunitazama.

"Mwalimu, simama," nilisema.

"Wapi? Haukuniandikia pa kusimama."

Nililia. Nikaandika ule mstari huku machozi yakidondoka kwenye daftari, nikamsomea, na alipofika mara ya tano katika hesabu mpya akasimama palepale, akanywa chai iliyokwisha kupoa, akasema ni muzuri. Kisha akasema lile neno ambalo kila mwanafunzi wake analijua: "Ordinateur haina roho mubaya. Inafanya ile ulisema, hapana ile ulikuwa unawaza." Nimelirudia neno hilo kwa mabosi watatu. Wote walifikiri nimelitunga mimi, na wote niliwasahihisha. Nilisema: ni la mwalimu wangu, wa Katuba. Nataka hilo lijulikane.

Maana kwake jambo la nani kasema, nani kaandika, lilikuwa kubwa kuliko yote. Mstari wa kwanza wa kila programu ulikuwa jina la aliyeiandika. Mashine haiuhitaji, inauruka tu. Mwalimu aliuhitaji. "Programu bila jina iko sawa mutoto wa kuokota," alisema. "Ikikosa, nani ataitika?" Na kwa kuwa alipenda kusikiliza kuliko kutazama, tulimsomea kazi zetu kwa sauti, yeye amefumba macho, kalamu mkononi. Ukianza na mstari wa pili, kalamu iligonga meza mara moja. Ko.

"Na jina?"

Ilikuwa sheria, kisha ikawa mchezo. Mtu akijisahau, hatukumngoja Mwalimu. Sote tuligonga kalamu mezani mpaka msomaji ataje jina. Nyumbani nilimgongea hata mama yangu, aliposimulia habari za mtaani bila kusema zimetoka kwa nani. Mama alinitishia mwiko wa bukari, ugali wetu.

Kulikuwa na kijana mmoja mrefu, hodari wa mpira, ambaye alinakili programu ya msichana aliyekaa kando yangu. Alifuta jina lake, akaweka la kwake. Mwalimu aliitambua kwa sifuri: yule msichana alikata sifuri zake kwa mstari, na kijana alizinakili na mikato yake. Mwalimu hakupiga kelele. Alimshika mkono, akampeleka mlangoni, akainua birika.

"Nawa," alisema. "Nawa muzuri. Kisha uende kwenu."

Kijana akanawa mbele yetu wote, maji yakidondoka kwenye beseni, akaenda, na hakurudi tena. Nilimwonea huruma, na nilijivunia kuwa mwanafunzi wa mtu wa namna ile. Yote mawili niliyahisi, sitaficha.

Wala hakuwa mtakatifu wa ukutani. Alikuwa mchoyo wa chaki hata akaandika kwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ila siku ya mvua mke wake alipika viazi na hakuna aliyetoka na njaa. Alituambia tusiogope kuuliza, naye akaogopa simu. Ikilia, aliitazama mpaka inyamaze, kisha akamtuma mke wake kuuliza ni nani. Aliimba kwaya ya parokia kwa sauti iliyopotea njia tangu ubeti wa kwanza, na mwongoza kwaya, aliyekuwa mwanafunzi wake wa zamani, hakuthubutu kumwambia. Alichukia majivuno. Lakini mara moja, mgeni kutoka mjini aliposifu darasa, nilimwona akisimama kwa vidole vya miguu ili aonekane mrefu. Nilimpenda zaidi kwa hilo. Angekuwa mtu mbaya tu, ningekuwa nimeshamsahau.

Sasa nifike kwenye kitenge.

Nkambo, mama wa mama yangu, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa na kitenge kimoja cha misa. Maua makubwa ya njano kwenye bluu, kila ua lina duara ndani ya duara. Siku moja cheche iliruka kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ikatua juu ya kile kitenge mapajani mwake, ikala ua moja katikati. Hakukitupa. Alijifunza kukikunja ili tundu lifichwe upande wa ndani, na kila Jumapili nilipokaa kando yake nilipitisha kidole changu pale, ndani ya mkunjo, wakati wa mahubiri. Alikuwa anajua. Aliniachia.

Alipofariki, wajomba walikichukua kile kitenge, sijui kikaenda na nani. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Sikuwa na picha yake hata moja. Nilikuwa na penseli na daftari la mraba.

Nilianza kulichora ua kwa hesabu. Duara, kisha duara dogo zaidi, kisha petali kumi na mbili zilizozungushwa, kila moja ikitikisika kidogo ili isifanane na jirani yake, kwa maana maua yaliyofanana kabisa yanachosha macho. Nilikuwa sijui kwamba kompyuta inaweza kufanya jambo lisilo na kazi. Hadi hapo tulikuwa tumeandika orodha za wanafunzi na hesabu za magunia. Hii haikuwa na kazi yoyote. Ilinichukua miezi minne, mingi ikiwa ya karatasi, na kila nilipokosea, kosa lilinionyesha umbo ambalo nisingelifikiria. Furaha ile sijaipata tena kazini, wala sijui kama nitaipata.

Ua likijirudia, mistari kumi, maua kumi kwa kila mstari, likawa kitenge. Na mwishoni nikaandika sharti moja dogo: ikiwa ni mstari wa saba, na ikiwa ni ua la tatu, usichore kitu. Acha wazi.

Siku umeme ulipokuja nikamwonyesha Mwalimu. Kitenge kilijitandaza kwenye kioo, ua baada ya ua, na pale mahali pa tundu kikaruka, kikaendelea. Nilimweleza habari zote: Nkambo, mbabula, mkunjo, kidole changu wakati wa misa. Akaniomba nimsomee programu nzima. Nikasoma, nikianza na jina langu. Nilipomaliza alifungua macho, na yalikuwa na maji.

"Iyi," alisema, "hakuna muntu alikufundisha. Hata miye." Kisha akasema, "Nipe copie. Ninataka kuionesha bantu."

Nikaiweka kwenye flash yangu nyekundu, ile niliyoifunga uzi wa sufu ili isipotee, nikampa kwa mikono miwili, jinsi tunavyompa mkubwa kitu. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi.

Baada ya miezi kadhaa paneli za jua zilifika sebuleni kwa Mwalimu, pamoja na betri mbili kubwa. Alisema mfadhili mmoja mwema amewaona watoto wa Katuba. Hatukuuliza jina. Hebu fikiria: darasa zima lililofundwa kugonga meza, na hakuna aliyegonga. Tuliimba. Mke wake alipiga vigelegele. Mimi nilicheza uani, chini ya zile paneli, na Jumapili nilimwombea yule mfadhili kwa Mungu.

Kisha ikaja ile harusi. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepata kazi yangu ya kwanza, na shangazi yangu alinichukua Bel-Air kwenye sherehe ya jirani yake. Kwetu, upande wa bibi harusi hushona kitambaa kimoja, akina mama wote sare. Waliingia wakicheza, labda thelathini, mstari mrefu wa bluu na maua ya njano, duara ndani ya duara.

Kwanza nilifurahi, kama mtu aliyemwona ndugu yake mjini. Nkambo! Nikasogea. Nikaona petali zinavyotikisika, hakuna moja inayofanana na jirani yake. Na mgongoni mwa yule mama wa mbele, katikati ya maua, mahali pa bluu tupu. Na kwa yule wa pili, kiunoni. Na kwa wa tatu, kwenye mkono. Kila mama alikuwa amevaa tundu la Nkambo wangu.

"Mama, kikwembe iyi mulitoa wapi?" nilimuuliza mmoja, nikishika kitambaa chake bila adabu yoyote.

"Ku depo, hapa tu karibu," alisema, akicheka. "Unaona, eh? Bantu ba kiwanda balisahau maua moja. Lakini tuliipenda vile vile."

Kesho yake nilikwenda kwenye depo. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Butembo, mwuza jumla wa vitambaa, mkarimu, aliyenipa kiti na soda kabla hajaniuliza shida yangu. Hakuficha kitu, kwa sababu hakujua kuna cha kufichwa.

"Ni Mwalimu wa Katuba njo alituletea iyi modeli," alisema. "Muntu muzuri sana. Hata hakuomba feza. Aliomba tu plaque za soleil, ju ya batoto yake. Nikamupatia na moyo yote." Zile paneli za jua.

Akafungua droo, akatoa kile kitu alicholetewa, ili nione mwenyewe. Flash nyekundu, na uzi wangu wa sufu bado umefungwa. Alinikubalia niiweke kwenye kompyuta ya duka. Nilikuwa sijanawa mikono, nakumbuka hilo lilinipita kichwani. Nikafungua faili. Mstari wa pili ulikuwa wangu, wa tatu wangu, yote hadi sharti la mwisho ilikuwa yangu, hata majina ya Kiswahili niliyoyapa namba zangu. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la Mwalimu.

Nilimshukuru yule mama kwa soda. Nilitembea kwa miguu hadi Katuba, na ni mbali.

Nilisalitiwa na mtu ambaye nilijifunza kwake kwamba jambo hilo lina jina. Hilo ndilo linalouma. Mwizi wa sokoni akikuibia, unapiga kelele na watu wanakuja. Huyu ningempigia kelele kwa nani? Mama yangu alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua mboga ya lengalenga.

"Mwalimu njo alikutoa mu giza," alisema. "Sasa unataka kumwanika ku bantu? Muzazi akikosa, tunafunika."

Nilifunika. Sikurudi kwa Mwalimu. Alituma salamu mara mbili, kisha akaacha. Na kitu kingine kilifungwa humo humo: sikuandika tena programu isiyo na kazi. Ninaandika za maghala na malori, zinafanya kazi, watu wananilipa. Siku hizi hata mashine yenyewe inaandika. Bosi akitaka jambo la haraka naiomba mashine, inanitolea mistari mia moja kabla chai haijapoa, naipitia kwa kidole, na kila mara juu kabisa nakuta pako wazi. Nani aliandika? Watu wengi, nadhani, ambao hawakuulizwa. Kidole changu kinasimama pale kidogo, halafu kinashuka.

Ningeendelea kufunika. Lakini kiangazi kilichopita, kwenye soko la Katuba, nikakiona tena kile kitenge, chapa mpya, bado na harufu ya kiwanda. Nikahesabu mistari kwa kidole. Saba. Moja, mbili, tatu. Ua lilikuwa pale. Mtu amelijaza. Nkambo alikuwa amezikwa mara ya pili, na safari hii bila misa.

Ndipo nikaenda. Mwalimu alikuwa amehamia mtaa wa Annexe baada ya mke wake kufariki, kwenye kiwanja chenye mahindi mbele na chumba kimoja kirefu cha matofali nyuma. Njiani nilijiambia nataka jambo moja tu. Sitaki kitambaa, sitaki zile paneli. Nataka ataje jina langu mbele ya wanafunzi wake. Nilikuwa pia nimeandaa neno la kumpa akikataa: nawa, kisha uende. Nililirudia hadi mlangoni.

Birika lilikuwa palepale, la plastiki nyingine.

"Njo weye," alisema kabla sijapiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, koti lilelile, na macho yake yalikuwa na utando mweupe. "Najua miguu yako. Umenawa?"

"Nimenawa, Mwalimu."

"Ikala. Macho inanikimbia, mama. Bantu naona sawa moshi tu."

Nilikaa. Nilitaka kulia kwa jinsi alivyokonda, na nilikasirika kwa sababu nilitaka kulia.

"Mwalimu, niliona kikwembe ku soko," nilisema. "Ile maua ya tundu balirudisha."

"Ee. Ile ya kwanza ilikuwa na kosa. Ba-mama balilalamika. Miye mwenyewe nilirekebisha, na kidole, kabla macho haiyaisha."

"Haikuwa kosa. Ilikuwa Nkambo."

"Nkambo gani?"

Hakuwa anajifanya. Nilimtazama vizuri, na hakuwa anajifanya. Aliyelia siku ile alikuwa amesahau alililia nini. Kati ya yote aliyonichukulia, hilo ndilo nililoshindwa kulibeba, na nikamwambia yote kwa mpigo, harusi, depo, flash, uzi. Alisikiliza amefumba macho, kama zamani.

"Ni yako," alisema mwishoni. "Miye najua ni yako. Lakini batoto balikuwa mu giza. Weye pia ulikuwa mu giza, ulicheza chini ya ile plaque, nilikuona. Ningeenda na jina ya kabinti ka Katuba, yule mama angenifungulia mulango?"

"Angefungua, Mwalimu. Alinipa soda, hata hajaniuliza jina."

Akafunga kifungo cha koti.

"Basi ubaambie batoto," nilisema. "Ni ile tu. Leo."

Watoto walikuwa wanaingia. Nilisikia maji kwenye beseni, mmoja baada ya mwingine, labda ishirini. Walikaa, wakatoa daftari za mraba na kalamu. Mwalimu aliinuka, akaegemea meza.

"Batoto, uyu ni mukubwa wenu," alisema. "Anafanya kazi mu muji, na kichwa yake. Leo njo atabasomea. Programu ya muzuri kupita zote za hii nyumba."

Akapapasa rafu, akanipa daftari. Mtu alikuwa amemnakilia kwa mwandiko wa kitoto, safi. Nikalifungua. Lilikuwa kitenge changu. Juu, mstari wa kwanza, jina lake. Chini, mahali pa sharti la mwisho, hakuna kitu. Nikafikiri: amenipa mlango. Amechagua hii, kati ya zote, na kunipa mimi, ili kalamu yake igonge na aseme mwenyewe. Nikawa tena msichana wa miaka kumi na saba. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, hata Nkambo.

Nikasoma. Nikaanza na mstari wa pili.

Nikangoja. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Ilibaki hapo.

Nikasoma mstari wa tatu, polepole. Wa nne. Na ndipo nyuma kabisa, karibu na dirisha, kalamu moja ikagonga meza. Ko. Ikafuata nyingine. Kisha darasa lote, wakitabasamu, wakifurahi kumnasa mkubwa wao wa mjini akiwa amejisahau.

"Na jina? Na jina?"

"Banauliza jina, Mwalimu," nilisema.

Alinyoosha mkono, akatafuta daftari hewani mpaka akalipata, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa, juu kabisa, pale pa kwanza. Aligeuza uso kuelekea upande wangu, na midomo ikafunguka, na kwa muda mfupi niliamini.

"Soma tu, mama," alisema. "Bipite. Soma tu."

Lile neno la birika, nawa kisha uende, sikulitoa. Nililifunga daftari, nikamrudishia kwa mikono miwili, nikapita kati ya meza zao hadi nje, kwenye mahindi. Nilipofika barabarani watoto walikuwa bado wanagonga.